Jua la Agosti 2027: chapeni na namna ya kulitazama

Ndugu Mhariri,

Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Huku kwetu mwezi utalimega tu. Naomba habari hiyo mkiichapa, mwiweke pamoja na maelekezo ya boksi la kutazamia taswira ya jua, tena mapema, kwa sababu boksi hujaribiwa siku yoyote yenye jua.

Unganisheni maboksi mpaka yafike mita 1. La viatu halitoshi: taswira ya jua huwa kama sehemu moja ya 108 ya urefu wa boksi, kwa hiyo sentimita 30 hutoa kidoa cha milimita 3 na mtoto hukinai upesi. Ncha moja kateni tundu la ukubwa wa kiberiti, mbandike foili, kisha mtoboe kwa sindano kitundu cha milimita 1. Foili ilazwe kwanza juu ya kadi ngumu, la sivyo huchanika. Kitundu kikiwa kipana, taswira hung'aa lakini kingo zake hufifia. Ncha ya pili, kwa ndani, bandikeni karatasi nyeupe, na karibu nayo mtoboe dirisha ubavuni. Viungo vyote vizibwe kwa selotepu.

Mtoto alipe jua mgongo, achungulie dirishani, kamwe si kwenye kitundu. Kulenga kunasumbua: geuzeni boksi mpaka kivuli chake kiwe kidogo kabisa, hapo limeelekea jua.

Kisha mpime. Taswira ikiwa milimita 10, toeni 1 ya kitundu, zibaki 9. Gawanyeni kwa 1,000 (urefu wa boksi kwa milimita), mzidishe kwa umbali wa jua, kilomita milioni 150: milioni 1.35. Kipenyo halisi cha jua ni kama milioni 1.39. Kwa boksi la biskuti, si haba!

Toboeni kitundu kingine kidogo cha pembetatu. Kidoa bado kitakuwa duara, maana ni sura ya jua, si ya tundu. Vidoa vya mwanga chini ya mwembe ni hivyo hivyo, na siku hiyo vyote vitaonekana vimemegwa.

Filamu za eksirei, CD, vioo vya masizi na beseni la maji visitumike. Hupunguza mng'ao tu. Miale isiyoonekana hupenya au huakisiwa, na retina, utando wa nyuma ya jicho, huungua bila maumivu yoyote ya kumshtua mtoto afumbe macho.

Msomaji,
Mbeya