Barua kwa wifi yangu anayekuja Paje

Wifi yangu mpenzi,

Uliniuliza kwenye simu: "Mimi nisiyejua kuogelea, nije Paje nikafanye nini? Nikatazame Wazungu wakirushwa juu ya maji na kaiti, zile tiara kubwa?" Nakujibu hapa hadharani, maana wengi huko bara wanasema pwani ile ya kusini mashariki mwa Unguja si yetu tena, na maneno hayo yananiuma.

Kabla ya kukata tiketi ya boti, tazama mwezi. Unapoandama, au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: asubuhi yanapwa mpaka saa nne au saa tano, kisha yanaanza kurudi, na kwenye saa kumi jioni yamejaa. Tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 4 hivi, na kwa kuwa ufuo wa Paje ni tambarare, bahari inajivuta mbali kabisa, kuelekea kwenye mwamba unaovunja mawimbi. Asubuhi mnatembea, alasiri mnaoga. Mkija wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanajaa asubuhi na kupwa kwake ni kidogo tu. Kwa hiyo kwa wanangu hao, chagua bamvua.

Asubuhi vaeni viatu vya mpira. Kwenye majani ya baharini kuna wale wadudu wa miiba myeusi, na mwiba ukikatikia mguuni mtoto hatalala. Mkienda taratibu mtawafikia kina mama wa mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, hapa Paje na Jambiani, na mpaka leo wanaolima ni wanawake zaidi. Mtazame mmoja wao akiwa kazini: amekaa ndani ya maji, kanga imeloa, kamba imekazwa kati ya vijiti viwili. Anachukua kichane cha mwani, anakifunga kwa kikamba, anasogeza mkono kama shubiri moja, anafunga kingine. Vidole vimesinyaa kwa maji ya chumvi, na kamba bado ni ndefu. Mwani huo ukishavunwa na kukaushwa juani unasafirishwa nje, na kinachotolewa humo ndicho kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Kazi yenyewe imekuwa ngumu. Ile aina ya cottonii, ambayo bei yake ni nzuri, inakufa kwa sababu maji ya ufukweni yamezidi joto. Wengi wamebaki na spinosum, inayolipa kidogo. Ndiyo maana nakuomba sana: wasalimieni kwanza, msivuke kamba zao, na kamera ikae mfukoni mpaka mmeruhusiwa. Lile ni shamba la mtu. Nawaona wageni wakipita katikati ya mistari wakipiga picha bila hata "shikamoo", na nakasirika. Hapo hapo kijijini kuna kituo cha Mwani Zanzibar ambapo kina mama wanatengeneza sabuni za mwani. Nunua kwao zawadi za kurudi nazo.

Sasa hizo kaiti. Upepo una misimu miwili: kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, na kaskazi, mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Mwamba unazuia mawimbi makubwa, maji ya ndani ni kina kifupi na chini ni mchanga, kwa hiyo anayejifunza akianguka anasimama. Kama mwanao mkubwa anataka kujaribu, mtafutieni mwalimu mwenye cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo huo, na kama ni kijana wa huku huku, bora zaidi: anaijua bahari hii tangu utotoni. Atamwanzisha mchangani na kaiti ndogo. Bei ni kubwa, nakuambia mapema, lakini kutazama ni bure. Machi hadi Mei msije, masika yanawaharibia.

Njiani kutoka mjini shukeni msitu wa Jozani mkawaone kima punju, ambao hawapatikani kwingine duniani ila Zanzibar. Siku nyingine nendeni Pingwe, kwenye ule mgahawa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa mnafika kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua. Chakula cha pale ni ghali, mimi ningeangalia tu nikarudi kijijini kula pweza wa nazi na wali.

Mkitoka ufukweni kuingia kijijini jifunge kanga, na kaka avae shati. Watu wa Paje ni waungwana, hawatakugombeza, lakini watoto wao wanatazama. Kama ni Ramadhani, kula na kunywa mchana kuwe ndani.

Nipe tarehe ya likizo ya shule, nami nitaangalia jedwali la maji nikuambie wiki ipi. Na kaka asisingizie kazi safari hii.

Wifi yako