Kwa Nini Kupunguza Mabega ya Koti ni Ghali

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka kwetu amenuna, akiamini tumempandishia bei, kwa sababu gharama ya kupunguza mabega ya koti ilikaribia nusu ya fedha alizonunulia suti nzima. Si wa kwanza kulalamika hivyo, na tunaona ni haki ya wateja wetu kuelezwa kazi yenyewe ilivyo.

Suruali iliyozidi kiunoni hupunguzwa kwa muda mfupi, na koti lililolegea tumboni hubanwa kwenye mishono ya ubavuni. Bega si hivyo. Fundi hufumua bitana, hung'oa mkono mzima, hutoa pedi, hukata bega, kisha huchonga upya kichwa cha mkono ili kilingane na tundu lake, na hupiga bandi, yaani mishono ya muda, na kumjaribisha mteja kabla ya kurudi kwenye cherehani. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na mifuko bado hubaki ilipokuwa, kwa hiyo koti lililozidi saizi mbili halitakaa kamwe kama lililochaguliwa vizuri tangu mwanzo.

Tunamkumbuka bwana harusi aliyetuletea koti la namna hiyo Alhamisi jioni, naye anaoa Jumamosi. Alilinunua kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu, akijua fundi yupo. Tulikesha nalo, likavalika, lakini alichotulipa pamoja na alichokwisha kutoa dukani kingetosha kushona suti mpya kwa vipimo vyake.

Kwa hiyo, uwe unachagua dukani au kwenye mtumba, anza na mabega: mshono wa mkono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Egemea ukuta kwa ubavu. Pedi ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Kisha funga kifungo cha juu, na kitambaa kikijikunja kwa umbo la msalaba tumboni, koti linakubana. Mkono wa koti uache shati lionekane kama sentimita moja au moja na nusu.

Katika koti la vifungo viwili, cha chini huachwa wazi, na ukikaa unafungua vyote. Ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, pamoja na lebo iliyoshonwa juu ya mkono, hutolewa kabla ya kuvaa. Tumewahi kumfumulia mgeni wa harusi mlangoni mwa ukumbi, na alishukuru sana.

Tafadhali usiifue suti kwenye beseni ili kukwepa gharama ya dobi wa kufua bila maji. Makoti mengi ya dukani yamegandishwa kwa gundi ndani ya kifua, na gundi hiyo ikiachia, kitambaa hufanya mapovu ambayo hakuna pasi wala fundi anayeweza kuyaondoa.

Ukija kupima, njoo na shati na viatu utakavyovaa siku hiyo, kwa kuwa urefu wa suruali hupimwa juu ya kiatu, na uje wiki mbili kabla ya shughuli.