Barua kwa Mama Neema: maji yakishatoka jarubani

Colusa, California

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wanaendelea na shule, na baridi imeanza kupungua. Natumaini mguu wa Baba Neema umepona na mpunga wa msimu huu umeshika vizuri.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na hasira yako nimeielewa. Kamati ya skimu yenu ya umwagiliaji imeambiwa iandike mpango wa kuzuia dawa na mbolea zisitoke na maji ya majaruba kwenda mtoni, na wakulima wamekugeukia wewe katibu: tangu lini maji ya mpunga yakaitwa uchafu? Umeniuliza kama wakulima wa huku nao wanasumbuliwa hivyo. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu hii ndiyo kazi ninayoifanya kila siku katika ofisi ya mkulima aliyeniajiri, na maneno ni mengi.

Wanasumbuliwa, Mama Neema, tena kuliko nyie. Lakini kabla sijakueleza hizo karatasi, nikusimulie kilichowapata wakulima wa mpunga wa bonde hili, maana kinakuhusu wewe moja kwa moja.

Karibu mpunga wote wa California unalimwa hapa, Bonde la Sacramento. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima walikuwa wakitumia dawa mbili za magugu, molinate na thiobencarb. Walikuwa wakinyunyizia, kisha wanaachia maji. Maji yanaingia mfereji mkubwa wa kutolea unaoitwa Colusa Basin Drain, na mfereji huo unamwaga Mto Sacramento. Samaki aina ya carp wakafa kwa wingi mle mferejini. Na huko chini, wakazi wa jiji la Sacramento, ambao maji yao ya bomba yanatoka mto huo huo, wakaanza kulalamika kwamba maji yana uchungu. Ni thiobencarb ile, iliyotoka kwenye majaruba ya watu wasiojuana nao kabisa.

Serikali haikuwaambia waache mpunga. Iliwaambia washike maji. Ukishanyunyizia dawa, unafunga toleo la jaruba, yaani pale maji yanapotokea, na maji yanakaa humo humo, bila tone kutoka, mpaka siku zilizowekwa kwa dawa hiyo zitimie. Mwanzo zilikuwa siku chache, baadaye zikaongezwa, na kwa baadhi ya dawa zikafika karibu mwezi mzima. Maana yake ni rahisi: maji yakitulia, dawa inapata muda wa kufa. Nyingine inaharibiwa na jua, nyingine inaliwa na vijidudu vya udongoni, nyingine inapanda hewani kama mvuke. Maji yanapoachiwa hatimaye, sumu iliyobaki ni kidogo sana. Kiasi cha dawa kinachofika mtoni kilishuka mno, na mpunga bado unalimwa hadi leo. Molinate yenyewe iliondolewa sokoni baadaye.

Nakuambia hili kwa sababu kati ya mambo yote niliyoyaona huku, ndilo pekee ambalo mkulima wa huko kwenu, Mabogini au Chekereni, anaweza kulifanya kesho bila mkopo. Halihitaji mashine. Linahitaji tuta lisilovuja na mtu wa kuzunguka kulikagua. Huku wanahangaika sana na panya na wanyama wengine wanaotoboa matuta, kwa sababu tundu moja usiku mmoja linaharibu kazi ya wiki tatu, na wakaguzi wa kilimo wa kaunti wanapita barabarani kuangalia kama toleo limefungwa kweli. Ugumu upo, sikufichi. Maji yakikaa muda mrefu kwenye jua chumvi inajikusanya, na mche mchanga wa mpunga hauipendi chumvi. Kwa hiyo sehemu zenye magadi msishike maji kibubusa, muulizeni kwanza afisa ugani. Lakini fikiria pia faida: nyie ambao kila kiangazi mnavutana na watu wa Kahe juu ya maji, jaruba lililofungwa halidai maji mengi.

Sasa turudi kwenye sheria. Wakulima wako wakisema kwamba hata Marekani maji ya shamba yalisamehewa, wana ukweli wa nusu. Sheria kubwa ya maji safi ya mwaka 1972 iliwabana wenye viwanda na majiji, na mwaka 1977 ikarekebishwa kuyaacha nje maji yanayorudi mtoni kutoka mashamba ya umwagiliaji. Lakini California ina sheria yake ya mwaka 1969, inaitwa Porter-Cologne, na hiyo haichagui: yeyote anayetoa kitu kinachoweza kuharibu maji ya jimbo anahusika. Bodi ya maji ya kanda hii iliwapa wakulima msamaha mwaka 1982, na ukakaa muda mrefu bila mtu kuugusa. Mwaka 1999 bunge la jimbo likaamua misamaha ya namna hiyo ife ifikapo mwanzo wa 2003 isipohuishwa kwa masharti. Hapo ndipo ulipoanza mpango wa kusimamia mashamba yote yanayomwagiliwa.

Na katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo la Kesterson. Maji ya kutoka mashamba ya magharibi mwa Bonde la San Joaquin yalikuwa yakipelekwa kwenye mabwawa huko Kesterson, mahali ambapo ndege wa porini walihifadhiwa. Mwaka 1983 wataalamu wakakuta vifaranga wasio na macho, wengine midomo imepinda, wengine miguu haipo. Chanzo kilikuwa seleniamu, madini ambayo yakizidi ni sumu. Hakuna mkulima aliyeinunua dukani, ilikuwa kwenye udongo wenyewe tangu zamani, na umwagiliaji ndio ulioiyeyusha na kuisafirisha. Hii ndiyo sababu nakataa mtu anaposema, "Mimi situmii dawa, kwa hiyo maji yangu ni safi." Maji yanayopita shambani hubeba yalichokikuta humo.

Kazi yangu mimi ni hii. Mkulima huku hapimi maji yake peke yake, anajiunga na umoja wa wakulima wa bonde lake, analipa ada kwa ekari, na umoja unachukua sampuli kwenye vijito na mifereji iliyochaguliwa. Wakulima wa mpunga wana umoja wao wenyewe. Maabara inapima dawa, tope na chumvi, na pia inaweka ndani ya yale maji viroboto wadogo wa majini, samaki wachanga na mwani, kuona kama wanaishi. Kipimo kikivuka kiwango zaidi ya mara moja ndani ya miaka mitatu mahali pamoja, umoja unalazimika kuandika mpango wa kurekebisha, na watu wanaanza kufuatilia nani juu ya kijito hicho alitumia nini. Mimi najaza fomu za shamba letu: tunamwagiliaje, dawa tunanyunyizia upepo ukiwaje, kingo za mfereji zina nyasi au ziko wazi, bomba linalochanganya mbolea na maji lina valvu ya kuzuia yasirudi kisimani.

Utaratibu huu wa umoja naupenda kwa jambo moja na unaniudhi kwa jambo jingine. Mkulima mdogo asingemudu gharama za maabara peke yake, na akiambiwa na mwenzake kwamba kijito chao kina sumu anasikia kuliko akiambiwa na afisa. Lakini pia ndani ya umoja mtu mzembe anajificha nyuma ya wenzake. Sampuli inachukuliwa mbali na shamba lake, na anayelipia kosa ni kijito kizima. Mkianzisha umoja wenu, msiruhusu hilo. Pimeni kwenye kila mfereji wa kutolea, hata kama ni kwa kuangalia rangi na tope kwenye chupa, ili mjue block gani, yaani sehemu gani ya skimu, inaleta nini.

Kuhusu mbolea nitasema kwa ufupi, ingawa huku ndiyo habari kubwa. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa ripoti kuhusu naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini, katika maji ya kunywa ya Bonde la Ziwa Tulare na Bonde la Salinas. Ilieleza kwamba asilimia 96 ya naitrojeni iliyoingia kwenye maji ya chini ya ardhi katika maeneo hayo ilitoka mashambani, na kwamba watu wapatao 254,000 walikuwa kwenye hatari. Miongoni mwao wamo vibarua wa mashamba hayo hayo, wanaonunua maji ya chupa kwa mshahara mdogo ili kuwachanganyia watoto maziwa. Hilo linaniuma. Kiwango cha kisheria ni miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti kwa lita, na ikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba hewa.

Ndiyo maana sasa tunaandika naitrojeni iliyoingia shambani na iliyotoka na mavuno. Kwenye lozi, kila kilo 1,000 za kiini zinaondoka na kilo 68 za naitrojeni. Ukiweka nyingi kuliko hizo kwa mbali, mwaka baada ya mwaka, salio limekwenda chini. Na tunahesabu hata naitrojeni iliyomo kwenye maji ya kisima: yakiwa na miligramu 10 kwa lita, ukimwagilia milimita 1,000 kwa msimu umeshaweka kilo 100 kwa hekta kabla hujafungua mfuko. Wewe mfuko wako wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Andika tu mifuko mingapi kwa ekari na magunia mangapi yametoka, kwa kila mwanachama. Daftari hilo moja litakuonyesha nani anamwaga pesa mtoni, na hoja ya pesa watu wako wataisikia upesi kuliko hoja ya samaki.

Kwa upande wa nyumbani, usiwaache wadhani hii ni sheria ya kuletwa jana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ndiyo inayoweka zile mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ambazo ndani yake hairuhusiwi shughuli ya kukiharibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali si cha kuchukua maji tu, bali hata cha kuyatoa yakiwa na uchafu. Mkiandika mpango wenu wenyewe sasa, mkaanza na kushika maji baada ya dawa, kutonyunyizia wala kutia mbolea ya kukuzia wakati matoleo yako wazi, na kuacha nyasi kwenye kingo za mfereji wa kutolea, mtakuwa na kitu mkononi siku mtakapokaa mezani na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mkisubiri, mtaandikiwa na mtu asiyejua jaruba lenu linavujia wapi.

Na kwenye mkutano mwite mtu mmoja kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu huko chini, mvuvi au mama anayechota maji huko. Akae mbele, aongee kabla ya kamati. Wakulima wa huku walikaa miaka bila kuwaona wanaokunywa maji yao, na nadhani hilo ndilo lililochelewesha kila kitu.

Niandikie majina ya dawa zote zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo hapo kwenu, kama yalivyo kwenye vibandiko, pamoja na siku mnazoambiwa msubiri. Nitakutafutia kila moja inakaa muda gani kwenye maji ya jaruba, nikutumie kabla ya mkutano. Picha za vibandiko zinatosha, ila zipigwe karibu ili maandishi madogo yasomeke.

Msalimie Baba Neema, na Bibi mwambie kitenge chake nimekikabidhi kwa mgeni anayekuja mwezi ujao.

Wako akupendaye,
Mama Upendo