Mafundi, sikilizeni redio kwanza kabla ya kuing'oa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linaloniuma kama fundi. Mtu analeta gari, akiongeza sauti ya redio spika zinakwaruza, na fundi hata hajaiwasha jibu analo tayari, nunua redio mpya. Hajauliza chochote! Mwenye gari anatoa hela, anafungiwa redio mpya, na mlio uko palepale maana haukuwa unatoka kwenye redio.

Swali la kwanza ni hili, inakwaruza pale unapozungusha tu au muda wote? Kama ni pale unapozungusha na ukiachia kunatulia, basi shida ni kitufe cha volyumu chenyewe. Kwenye redio nyingi za zamani ndani yake kuna ukanda wa kaboni na kiulimi cha chuma kinachotembea juu yake, vumbi likiingia au ukanda ukilika kiulimi kinakosa kugusa vizuri na ndo huo mkwaruzo, mara nyingi unauma zaidi pale pale ambapo sauti inawekwa kila siku. Zima redio, toa waya wa betri, puliza ndani spreyi ya kusafishia swichi za umeme, zungusha kutoka mwanzo mpaka mwisho mara nyingi halafu acha ikauke kabisa. Usiweke mafuta ya bawaba, yanakamata vumbi. Ikirudi baada ya muda mfupi, badilisha kitufe peke yake, au mwambie fundi apime kapasita za jirani yake, vile vipande vinavyozuia umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) usifike kwenye kitufe, ikiwepo inayouvujisha utasafisha kitufe mpaka uchoke na bado kitakwaruza.

Kama kitufe kinazunguka bila kugota, hicho ni cha kidijitali, sauti haipiti ndani yake kabisa. Kikichakaa volyumu inarukaruka, unaongeza yenyewe inashuka.

Sasa mlio wa muda wote, na hapa ndo watu wanaliwa hela zaidi. Washa injini, kanyaga mafuta taratibu, mluzi ukipanda na injini ujue ni umeme wa oltaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, unaingia kwenye sauti. Halafu shusha volyumu mpaka sifuri. Mluzi ukibaki vilevile maana yake unaingia baada ya kitufe, yaani kwenye amplifaya (kikuza sauti), nyaya zinazoipelekea sauti au ethi (waya unaounganishwa na chuma cha bodi ya gari), na ukishuka pamoja na muziki basi unaingia kabla ya kitufe, kwa hiyo angalia kinacholeta muziki, mfano simu iliyounganishwa kwa waya huku inachajiwa humohumo kwenye gari. Chomoa chaja usikilize, mluzi ukikatika tatizo umelijua na hujafungua hata skrubu moja.

Ethi jamani msiidharau. Waya wake ufungwe kwenye chuma kitupu, rangi ikwanguliwe kwanza, sio kuchomekwa chini ya skrubu yoyote iliyo karibu ili kazi iishe. Na nyaya za sauti zisilazwe pamoja na ule waya mnene wa betri unaoenda kwenye amplifaya, pitisha kila mmoja upande wake. Zikiwa sawa na bado kuna mluzi, pima oltaneta, diodi zake, vile vipande vinavyogeuza umeme wake uwe wa DC, zikifa hazisawazishi umeme vizuri na redio ndo inakuwa ya kwanza kulalamika.

Kuna na ile inayokoroma sauti ikiwa juu tu. Peleka sauti yote upande mmoja wa gari, kisha mwingine, kisha mbele na nyuma, spika iliyochanika itajulikana mara moja. Kama zote zinakoroma kwa pamoja ni amplifaya imezidiwa, ipunguzieni geini, yaani kiasi inachokuza sauti.

Mafundi wenzangu, vipimo hivi vyote tunaweza kuvifanya mwenye gari akiwa amekaa kwenye kiti anasikiliza mwenyewe. Mfanyieni hivyo kabla ya kumtajia bei ya redio mpya.

Wenu,
Fundi redio za magari