Nakuru isiwasahau marubani wa kigeni waliofunzwa hapa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi la bamba la kumbukumbu kwa wakuu wa Kaunti ya Nakuru, kwa walimu wenzangu wa historia, na kwa yeyote mwenye mzee nyumbani anayekumbuka miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021 tumesikia mengi kuhusu barabara, masoko na majitaka, nami siyapingi. Lakini kuna sura moja ya historia yake iliyoachiwa mawe ya makaburi peke yake, nayo ni ya vijana wa kigeni waliokuja hapa kumalizia mafunzo ya urubani, baadhi yao wasiondoke tena.

Kati ya 1941 na 1943 Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na kituo cha mafunzo hapa Nakuru, kilichojulikana kwa Nambari 70, na kingine, Nambari 72, kikahamia Nanyuki mwishoni mwa 1942. Waliofunzwa humo hawakuwa wa kuanzia alifu. Walikuwa wamekwisha kufuzu urubani kwingineko, na walichofuata hapa ni hatua ya mwisho kabla ya vita: kuizoea ndege yenyewe ya kivita, na kuunganishwa na wenzao hadi rubani, mwelekezi wa njia na mpiga bunduki, ambaye ndiye pia aliyeshika redio, wafanye kazi kama mtu mmoja. Kenya ilifaa kwa shughuli hiyo. Waitaliano walikuwa wakishindwa huko Ethiopia, wakasalimu amri Amba Alagi mwezi Mei 1941 na Gondar mwezi Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo anga ya Bonde la Ufa haikuwa na adui, ilhali Misri na Libya, ambako vita vilikuwa vimepamba moto, zilifikika kwa ndege. Waliohitimu walielekezwa huko kaskazini.

Adui hakuwepo, ila hatari ilikuwepo. Ndege waliyoitumia sana ilikuwa Blenheim, ya mabomu, yenye injini mbili, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imeanza kupitwa na wakati. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Injini moja ikizimika wakati huo, ile iliyo hai huivuta ndege upande, na kijana wa miaka ishirini hubakiwa na sekunde chache za kuituliza. Upande mmoja ana ziwa, upande mwingine ana Menengai, mlima wa volkano, ambayo alasiri za mvua hujitanda mawingu usiione kabisa.

Miaka niliyofundisha niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu kwenye makaburi ya Nakuru Kaskazini, walikozikwa baadhi ya wanaanga hao, na msichana mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa akinakili tarehe tu, kama nilivyowaagiza, akaja kuniuliza kwa nini mawe matatu yaliyofuatana yana siku moja ya kufa. Mimi, mwalimu, sikuwa nimeligundua hilo. Tukarudi tukayasoma pamoja: rubani, mwelekezi, mtu wa redio na bunduki, na hakuna kati yao aliyefika miaka ishirini na mitano. Ndege moja, watu wake wote. Darasa zima, ambalo hadi hapo lilikuwa likipiga kelele, lilinyamaza bila kuambiwa.

Najua nitajibiwa kwamba hao walikuwa watu wa mkoloni, na kwamba hatuna deni nao. Hoja hiyo ina uzito, hasa katika bonde hili ambalo ardhi yake nono ilikuwa mikononi mwa walowezi. Hata hivyo, sajenti aliyetoka Uingereza au Australia akafa mwezi wa pili wa mafunzo yake hakumgawia mtu shamba, na kumkumbuka si kumsifu aliyemtuma.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni nyingine. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa angekumbukwa kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Mwezi Aprili 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba, kwa waliokufa katika Vita vya Kwanza, ahadi hiyo haikutimizwa: watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Zile sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, Nairobi, zinazowakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita hivyo, zimesimama tangu 1928 bila jina la hata askari mmoja. Ndiyo maana bamba ninaloliomba lisiwe la marubani pekee. Liwataje pia Waafrika waliofyeka, wakabeba mafuta, wakapika na kulinda kwenye viwanja vya ndege vya vituo hivyo, na pale majina yao yatakapopatikana yachongwe kwa herufi za ukubwa uleule.

Wengine wamelifanya jambo hili bila fedha nyingi. Huko Terrell, Texas, Marekani, ambako zaidi ya vijana 2,000 wa Uingereza walijifunza urubani wakati wa vita hivyohivyo, kuna jumba la makumbusho la shule yao, na waliokufa mafunzoni wamezikwa katika makaburi ya mji. Mwezi Februari 1943 ndege mbili za shule hiyo zilianguka katika milima ya Oklahoma, zikaua wanafunzi wanne; mwaka 2000, siku ileile ya ajali, mnara ulizinduliwa huko mlimani, na waliouhangaikia ni watoto wa shule ya msingi.

Nakuru tunayo makumbusho ya Hyrax Hill, na kona moja ya chumba kimoja ingetosha kwa kuanzia: ramani ya viwanja vya ndege, picha ya Blenheim, orodha ya majina, na sauti za wazee zilizorekodiwa kabla hawajatutoka. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1942 sasa amepita tisini. Kwa upande wangu niko tayari kunakili majina yote yaliyo makaburini, nikipata shule itakayoniazima wanafunzi wachache kwa Jumamosi mbili, nao waje na kalamu za risasi, kwa maana wino huchuruzika mvua ikinyesha.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru