Barua kwa mwanangu anayekwenda Morogoro

Wete, Pemba

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, bibi yako naye hajambo ila miguu. Barua hii nimempa shangazi yako anayevuka kuja Unguja na boti ya kesho, pamoja na kifurushi. Chaja ya kompyuta uliyoisahau juu ya kabati imo humo humo.

Nimekutana na yule kijana wa mtaa wa juu, yule tuliyekuwa tukikutajia kila ukizembea. Nikamuuliza shahada yake ya uzamili imefika wapi. Akacheka. "Mzee, masomo nilimaliza zamani, imebaki tasnifu." Mitihani kafaulu yote, cheti hana, na watu hawamuulizi tena. Usiku huo sikulala vizuri, ndipo nikaamua kukuandikia kabla hujaondoka kwenda kusoma uzamili wako.

Ile karatasi ya masomo uliyoiacha mezani nimeisoma yote: uchumi, uhasibu, masoko, usimamizi wa fedha, takwimu, mbinu za utafiti. Kwenye takwimu nilitikisa kichwa, maana nakujua. Hesabu huzikimbii, unazichelewesha. Na huko uzamili C haihesabiwi kufaulu, basi usingoje sapu, mtihani wa marudio, ndiyo ukatafute wa kukuelekeza.

Lakini si masomo yanayonitia hofu. Darasani kuna ratiba, kuna mwalimu, na mtihani una tarehe yake. Kazi iko mwaka wa pili, ambako hakuna wa kukugongea mlango. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, uzamili ni krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi. Zidisha mwenyewe. Ripoti yako ya mafunzo ya vitendo uliiandika usiku wa mwisho, mama'ko akikumulikia kwa simu, na ukapata B+. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kwa hiyo pendekezo la utafiti lianze muhula huu wa kwanza, hata kama ni ukurasa mmoja. Kwa msimamizi usiende kuuliza "niandike nini". Nenda na kitu mkononi akikosoe.

Ulisema utaandika juu ya mwani. Mie nilitaka karafuu, na nilinuna, uliniona. Baadaye nimefikiri. Karafuu mnunuzi ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, na bei inatangazwa. Tena mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Ukija kuhoji wachumaji mwaka ambao mti umepumzika, utakaa barazani na madodoso yako mpaka msimu mwingine, na huo ndio mwanzo wa kupotea. Mwani huvunwa kila baada ya mwezi na nusu hivi, mwaka mzima. Huo hauna kisingizio.

Ila panga siku zako kwa maji. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, kina mama wote wako pwani, wameinama kwenye kamba zao. Ukimsimamisha mtu hapo kumuuliza maswali, atakujibu lolote umwondokee. Wafuate maji mafu, yasipokupwa sana, majumbani. Na usimuulize mtu anapata shilingi ngapi kwa mwaka, hakuna anayehesabu hivyo. Muulize bamvua lililopita alipeleka polo ngapi, zilipimwa kwa mizani ya nani, kamba na taitai za kufungia mwani kapewa na nani, na kama aliyempa ndiye lazima amuuzie. Muulize pia habari ya kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, umekufa lini kwake kwa joto la maji hata akabaki na spinosamu, ule wa bei ndogo. Mie nilipokuwa bwana shamba tulikuwa tukijaza fomu ndefu, na majibu mengi yalikuwa ya kuturidhisha sisi wenye fomu. Ya kweli hayakuandikwa popote.

Chagua shehia moja au mbili, basi. Usiniletee "Zanzibar nzima". Na utafiti wa huku una kibali chake kinachoombwa huku huku. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Kianze kabla ya mitihani ya mwisho, halafu ndiyo uende kwa sheha.

Ukirudi kukusanya data, watatokea watu wa miradi wakutake kazi ya muda. Posho ni tamu, najua. Huko ndiko alikopotelea yule kijana. Na wa posa nao wameshaanza kupita. Nimewaambia wasubiri tasnifu. Mmoja akaniuliza, tasnifu ndiyo nani, kaka yake?

Skuli uliyosoma walimu wako wananipa mkono njiani kwa ajili yako. Sikukwambia, maana kichwa chako hakihitaji kuongezwa.

Ada ya muhula wa kwanza ipo. Ukisikia mikarafuu ya bondeni kaikodi mtu msimu huu, usiulize sana, na mama'ko usimuulize kabisa. Ya muhula wa pili tutaangalia vuli.

Dar ukifika panda treni ya umeme, ni mwendo wa saa mbili hivi. Chukua sweta; Juni na Julai baridi ya chini ya Uluguru si ya Wete. Hicho chuo chako cha Sokoine kilianzishwa 1984, mwaka ule ule aliofariki Sokoine kwa ajali ya gari hapo hapo Dakawa, wakakipa jina lake. Nakumbuka redio ilivyokuwa siku ile.

Bati la jikoni linavuja upande wa meko, fundi anasema kesho tangu Mfunguo Mosi. Mdogo wako kaniambia anataka kusoma udaktari, wiki iliyopita ilikuwa urubani. Kipimo cha miwani ya bibi yako nimekitia kwenye bahasha. Ukipata duka Morogoro lenye bei ya kibinadamu, niambie kwanza kabla hujanunua.

Ukishapangiwa msimamizi niandikie jina lake, na siku mliyoonana. Kila mwezi niambie umefika ukurasa wa ngapi. Sitachoka kuuliza.

Na mama'ko anauliza lile sufuria kubwa ulimwazima nani siku ya hitima. Analitaka Ijumaa.

Wasalaam,
Baba yako