Mafuta yamekwenda wapi?

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi, na pole na mfungo wa chapati. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema programu ya simu inakuambia nyama ya ng'ombe ya kusaga, mbichi, ina kalori 254 kwa gramu 100, na iliyopikwa kama 270. Wewe uliweka kilo nzima jikoni ukatoa gramu 700. Kama nyama imenywea hivyo, mbona namba haikupanda kama ya kidari cha kuku, kinachotoka 120 kikiwa kibichi hadi 165 kikiiva?

Kidari kisicho na ngozi hupoteza karibu maji tu. Maji hayana kalori, basi kalori zile zile zinabanana kwenye uzito mdogo. Nyama ya mafuta hupoteza vitu viwili kwa mpigo: maji, ambayo yakitoka namba hupanda, na mafuta, ambayo yakitoka namba hushuka. Vinavutana mpaka vinakaribia kutoshana nguvu. Ndiyo maana 254 na 270 zinafanana, na watu wakadhani ukipima mbichi au iliyoiva ni mamoja.

Chukua kilo yako hiyo, tuseme ina mafuta asilimia 20. Mbichi ina kalori 2,540. Tuseme umeikaanga bila kuongeza mafuta, ikabaki gramu 700, na mafuta uliyomwaga ni gramu 80. Kila gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo 720 zimeondoka. Zinabaki 1,820, gawa kwa 700, unapata 2.6 kwa gramu, yaani 260 kwa gramu 100. Sasa ukijipakulia gramu 140 za nyama hiyo, ambazo zilikuwa 200 kabla ya moto, umekula kalori 364. Lakini kama mafuta yale hukuyamwaga, ukakaangia vitunguu humo humo, ukatia nyanya na mchuzi ukaumwagia wali, fungu lako hilo hilo la nyama na mafuta yake ni 508, na hapo nyanya na wali bado. Kwa hiyo kabla hujauliza mbichi au iliyoiva, uliza mafuta yamekwenda wapi. Yakibaki kwenye chakula, tumia uzito wa mbichi na namba ya mbichi. Yakimwagwa, tumia uzito wa iliyoiva na namba ya iliyoiva.

Usichanganye hivyo viwili hata siku moja. Kwa nyama isiyo na mafuta mengi kosa hilo linauma zaidi. Nyama tupu ya mbuzi ina kalori 109 kwa gramu 100 ikiwa mbichi na 143 ikichomwa. Ukipima gramu 200 za choma ukaziandika kwa namba ya mbichi, umeandika 218 badala ya 286.

Utasikia kila mahali ushauri wa "pima mbichi siku zote". Kwa kuku na samaki nakubali. Kwa nyama ya kusaga ya bucha, isiyo na lebo, sikubali. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo programu nyingi za simu huchota humo, linaonyesha nyama ya kusaga mbichi ikitoka kalori 176 kwa yenye mafuta asilimia 10 hadi 332 kwa yenye asilimia 30. Ukizikaanga zote na kuchuja, pengo linaziba: moja huwa kama 230, nyingine kama 270. Nyama yenye mafuta mengi ndiyo inayotoa mengi. Wewe bucha hajakuambia asilimia, na hata yeye haijui. Basi kaanga, chuja, pima iliyoiva, andika 260. Ukikosea, utakosea kidogo. Au nunua steki, mwambie akusagie mbele ya macho yako.

Kupima mafuta yanayotoka si kazi ngumu, ila kuna mtego. Kile kinachobaki kikaangoni si mafuta matupu. Ni mafuta na maji ya nyama. Ukimimina vyote kwenye bakuli ukapima, ukakuta gramu 150 ukazitoa kama mafuta, umejipunguzia kalori ambazo umezila. Chuja ingali moto, acha bakuli lipoe, kisha liweke kwenye friji usiku mmoja. Mafuta ya ng'ombe na ya mbuzi huganda juu yakawa kigae cheupe, kigumu kama mshumaa, na chini yake kuna maji ya kahawia yenye utelezi. Kipenyeze kisu pembeni, kiinue, kifute maji kwa kitambaa, kipime. Hicho ndicho unachozidisha kwa 9. Mafuta ya kuku hubaki laini kama samli, itabidi uyakwangue kwa kijiko.

Supu ina ujanja wake. Mafuta yanaelea, hayakujigawa sawa kwenye sufuria, kwa hiyo hesabu ya wastani inadanganya. Anayepakuliwa kwanza, upawa ukipita juu juu, anapata yale macho ya mafuta. Wa mwisho anapata mchuzi mwepesi. Kama ni supu ya mbavu au ya mkia, igandishe kwanza, ondoa kigae, ndipo uipashe. Na ukinyonya uboho wa mfupa, huo nao ni mafuta, usijifanye hujaula.

Mifupa: pima sahani yako kabla ya kula, kisha pima mifupa ukimaliza, toa. Usikisie. Na ukienda kula choma, kumbuka "nusu kilo" ya mbuzi kwa kawaida hupimwa mbichi na mifupa yake. Ukiandika gramu 500 za nyama iliyochomwa umejiandikia kalori nyingi ambazo hukuzila. Hapo mafuta yanayodondokea mkaani yamekwisha, huna haja ya kuyafikiria, isipokuwa mchomaji awe anapaka mafuta kila anapogeuza. Muulize.

Kitimoto niiseme kwa ufupi kwa sababu najua Ijumaa zako. Ile inayokaangwa kwenye mafuta yake yenyewe na ndizi ikarushwa humo humo, ndizi ndiyo inayonyonya mafuta na kubeba hesabu, na hakuna mizani itakayokusaidia mezani. Tumbo la nguruwe bichi peke yake ni kama kalori 518 kwa gramu 100. Agiza ya kuchoma.

Kwa sufuria ya nyumbani, ambamo hupiki chako peke yako, fanya hivi. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake kwenye karatasi ukaibandike ukutani jikoni, hutaupima tena. Pima kila kinachoingia: nyama, vitunguu, mafuta ya kupikia, tui. Jumlisha kalori. Chakula kikiiva pima sufuria nzima, toa uzito wa sufuria, gawa jumla ya kalori kwa uzito uliobaki. Hapo una kalori kwa kila gramu ya mchuzi wako, na kila mtu apakue anavyotaka. Hii inafaa mchuzi mzito uliokorogwa vizuri. Kwa supu, nimekwisha kusema.

Lakini nilivyosoma orodha yako ya juma lililopita, nyama si tatizo lako kubwa. Umepima steki hadi gramu ya mwisho, halafu umeandika "mafuta kidogo". Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni gramu 14 na kalori 120 hivi, na mkono wetu ukishika chupa haumwagi kijiko kimoja. Weka chupa kwenye mizani, bonyeza sifuri, mimina, rudisha chupa. Mizani itasoma namba yenye alama ya kutoa, na hiyo ndiyo gramu za mafuta uliyotumia. Tui zito nalo ni kama 230 kwa gramu 100, na kwenye orodha yako sikuliona popote, na ulisema Jumatano mlikula kuku wa nazi.

Kaanga nyama ya bucha wako safari tatu, kila mara kilo moja, uniandikie uzito ulioiva na uzito wa kigae. Nitumie pia uzito wa ile sufuria kubwa. Wasalimie wote nyumbani, na mama mwambie shikamoo yake nimeituma.

Wako,
Rehema